Dishi la Usipa Kule Mbuji

Najua baadhi yenu mtayasoma haya mkiwa juu ya bati la mtu, simu mkono mmoja na spana mkono mwingine. Shukeni kwanza. Bati la Mbinga asubuhi lina umande, na kazi yetu hii imeshavunja miguu ya watu wazuri.

Mimi ni Osmundi. Wazee wa mjini waliniita Fundi Kebo kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kuvuta waya wa kebo toka nguzo hadi nguzo, nikiingiza picha kwenye nyumba za watu. Kampuni iliyoniajiri haipo tena. Wateja walianza kukata kebo mmoja mmoja, huyu kahamia kwenye dishi, yule kanunua simu kubwa, mpaka ikafika mahali nyaya zinaning'inia mtaani na watu wanaanikia nguo. Nilisikitika, sitawadanganya. Nyaya zile nilizivuta kwa mikono yangu, nilijua kila kiungo kilipo.

Sasa nimestaafu na magoti hayataki ngazi. Lakini bado mnanijia hapa nyumbani: "Mzee, mteja wangu amekata kebo, nimfungie nini?" Nami nawajibu kwa swali moja, mnakunja sura. Anataka kuangalia nini?

Swali hilo si langu. Ni la Fundi Issa, mtu wa Songea, aliyenichukua nikiwa sijui hata kumenya waya. Issa alikuwa hafungui boksi la vifaa mpaka ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba. Anaketi pale, ananyamaza, anatazama mahali picha itakapokuwa, halafu ndipo anauliza. Mimi nilikuwa na haraka kama ninyi, nikiona anapoteza muda. Siku moja nilimwambia hivyo. Akanitazama, akasema, "Osmundi, wewe unafunga dishi. Mimi namfungia mtu." Akaendelea kuketi.

Mtu aliyekata kebo leo ana njia nyingi kuliko tulizokuwa nazo sisi. Kuna antena ya kawaida na king'amuzi chake, ambayo kwa mtu wa mjini anayetaka taarifa ya habari inatosha kabisa. Kuna dishi dogo la kulipia kifurushi, hilo ni la watu wa mpira. Kuna dishi kubwa la chaneli za bure, ambalo ninyi mnalikimbia kwa sababu ni zito. Kuna runinga janja na bando, kama mtandao wa kwenu hauna kwikwi. Halafu kuna flashi. Bibi mmoja wa Ukata aliniambia flashi ndiyo runinga bora kuliko zote, maana haikatiki na haina wanasiasa.

Njia zote hizo nilizipima katika nyumba moja, kule Mbuji. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini pale kwa marehemu Mzee Ditrami kuna dishi la zamani lililofungwa juu ya kisiki, mbele kabisa ya nyumba, na kwa nini familia haitaki mtu aliguse. Nimekuwa nikiwakwepa. Leo nitasema.

Mzee Ditrami alikuwa mkulima wa kahawa, na ugonjwa ulipomzidi, mtoto wake mkubwa Damiani, yule mwenye duka la pembejeo, alimleta mjini akae kwake. Pale kwa Damiani kulikuwa na kebo niliyoifunga mimi, moja ya zile za mwishomwisho kukatwa. Mzee alikuwa akiangalia Misa kwenye televisheni ya Kanisa, halafu anazima. Baadaye akaomba arudishwe kwake. Alisema anataka kusikia kuku wake mwenyewe. Wote mnajua mzee anaposema hivyo anasema nini. Damiani akakata kebo, akaibeba runinga, akampeleka baba yake Mbuji.

Wakati huo mavuno ya kahawa yalikuwa yamekwisha. Wakamwita fundi kijana, akafunga dishi dogo palepale uani. Picha ikaja safi, mzee akapata Misa yake, kila mtu akashukuru. Mvua za kwanza zilipoanza, picha ikaanza kuganda, na kufika katikati ya Novemba kioo kilikuwa kinaandika kwamba hakuna mawimbi. Fundi yule akarudi, akabadilisha LNB, lile jicho la dishi. Akabadilisha waya. Akabadilisha king'amuzi. Mwishowe akaacha kupokea simu, na hapo ndipo Damiani alipokuja kwangu.

Nilifika Mbuji asubuhi, nikasimama uani, nikatazama juu upande wa jua linapotoka, maana huko ndiko satelaiti zile zilipo kwa sisi wa huku. Sikuhitaji kipimo. Yule kijana alifunga dishi baada ya mavuno, watu wakiwa wametoka kupogoa migrevilea ya kivuli kwenye kahawa. Aliona mbingu nyeupe, akaridhika. Mvua zikaja, miti ikavaa majani yake, mbingu ikafungwa. Kosa hilo mtu wa Dodoma hawezi kulifanya. Ni kosa letu sisi wa kahawa, tunaosahau kwamba mti tulioupunguza wenyewe utarudi.

Lakini kati ya miti ile kulikuwa na mmoja ambao panga halikuwahi kuugusa. Ulikuwa umesimama mbele ya ua, mnene, umenyooka, umewapita wenzake wote. Nikauangalia, nikaingia ndani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Osmundi. Umekuja kuniona mimi au umekuja kuona runinga?"

"Vyote viwili, Mzee."

"Basi anza na runinga. Mimi leo siondoki."

Alikuwa amelala kitanda cha chini chini, mifupa mitupu, lakini ulimi ulikuwa wake uleule. Nikaketi kwenye kigoda kichwani kwake, pale Issa angeketi, nikatazama mahali runinga ilipowekwa. Nikamuuliza anataka kuangalia nini. Nilitegemea aseme Misa.

"Otilia," akasema.

Damiani alinieleza tulipotoka nje. Otilia ni mdogo wake, binti pekee wa nyumba ile. Mama yao alipofariki, mzee alitegemea binti abaki amtunze. Binti akasema anakwenda utawa. Asubuhi ya kuondoka baba alikuwa kwenye chanja, anageuza kahawa ili ikauke. Otilia akaja na begi lake, akapiga magoti mbele ya baba yake apate baraka, kama mtoto yeyote wa huku anayeondoka kwao. Mzee akaendelea kugeuza kahawa. Binti akabaki amepiga magoti pale mpaka gari likapiga honi, akainuka, akaenda. Alipoweka nadhiri zake za kwanza mzee hakwenda. Miaka ikapita, wakawa wanasalimiana, analeta sukari na sabuni likizo, lakini jambo lile halikuzungumzwa na yeyote.

Sasa Otilia alikuwa anaweka nadhiri za daima, huko Morogoro, siku ya sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi Desemba, na televisheni ya Kanisa ilikuwa inarusha Misa ile moja kwa moja. Mzee hakuweza kusafirishwa hata hadi barabarani. Alichotaka ni kimoja. Katika Misa hiyo kuna wakati masista wanalala kifudifudi sakafuni, watu wanaimba litania ya watakatifu. Wakati huo huo, binti akiwa amelala, mzee alitaka kuinua mkono na kumpa ile baraka aliyomnyima.

Nikaanza kupima njia.

Antena ya kawaida tuliipandisha kwenye mlingoti wa mianzi. Mbuji imezungukwa na milima, na chaneli tuliyoitaka hata haikuwa kwenye king'amuzi cha antena. Tukaishusha. Simu nayo: mtandao mle chumbani ulikuwa unaonyesha picha ya mtu amefumba macho, halafu inazunguka, halafu mtu yuleyule amefumba macho. Ukipanda juu hadi njia panda unapata mtandao mzuri, lakini mzee hapandi. Hapo Damiani akapata wazo, akamwendea baba yake kwa furaha kabisa.

"Baba, usihangaike. Nitamtuma mtu airekodi yote, niilete kwenye flashi. Utaangalia baadaye, tena unaweza kurudia."

Mzee akamtazama sana mwanawe.

"Baadaye ipi, Damiani?"

Damiani akatoka nje. Nilimwona amesimama karibu na zizi, amewapa watu mgongo.

Limebaki dishi, nikasema moyoni. Na lisiwe dogo. Vijana, andikeni hili popote mnapoandikia: Desemba ya Umatengo mvua haiombi ruhusa. Dishi dogo wingu likikaza linapoteza picha, na wingu hukaza saa ya Misa kama vile limetumwa. Masafa ya dishi kubwa hayajali sana mvua, na chaneli ile ilikuwa inapatikana huko bure. Nilihitaji dishi kubwa la nyavu, la zamani, ambalo siku hizi haliko madukani kwetu. Nikakumbuka nilikoliona.

Nilishuka ziwani kesho yake. Kule Mbamba Bay kuna mama anaitwa Mama Lidia, mcheshi na mkali kwa pamoja. Marehemu mumewe alikuwa na banda la kuonyesha mpira kwa wavuvi, mimi ndiye nilimfungia dishi. Simu zilipoingia banda likafa, na Mama Lidia si mtu wa kutupa kitu. Nilimkuta amelilaza lile dishi juu ya mawe ufukweni, amelijaza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, samaki wamelala kwenye nyavu wakipigwa jua na upepo.

"Shikamoo fundi, umekuja kuangalia mpira?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba dishi."

"Hili? Na usipa wangu waende wapi, wakaangalie mpira kwako?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, mpaka yale ya kahawa kwenye chanja. Yeye ni Mwanglikana, hawana mambo mengi ya masista huko kwao, lakini alikuwa na baba. Alianza kuwakusanya samaki kwenye beseni kabla sijamaliza. Mimi nikavua shati, nikamtengenezea chanja jipya la mianzi na nyavu kuukuu, refu kuliko dishi lake. Akalikagua pande zote akitafuta kasoro, akakosa, akasema miguu yake ni mifupi.

Kabla ya kulipakia nilifanya jambo ambalo ninyi hamlifanyi. Dishi lililobeba samaki miaka mingi linaweza kuwa limepinda na macho yasione. Chukua uzi, ufunge toka ukingo hadi ukingo upite katikati. Chukua wa pili, uukatize msalaba. Nyuzi zikigusana kwa wepesi pale zinapokutana, dishi limenyooka. Zikiachana au zikisukumana, limepinda, na utatafuta mawimbi mpaka uchanganyikiwe. Za kwetu ziliachana. Tukalilaza mchangani, Mama Lidia akakaa upande mmoja kwa uzito wake wote, mimi nikavuta upande mwingine, tukapima tena. Zikagusana.

Turudi Mbuji. Dishi lilipanda mlima kwenye lori la mahindi, likanuka usipa njia nzima, na tulipolishusha uani paka wote wa kitongoji wakaja kulilamba.

Nililizungusha kila pembe ya ua ule. Wanafamilia walikuwa wameshapogoa migrevilea ya pembeni, lakini dishi kubwa linatazama satelaiti nyingine, si ile ya dishi dogo la kijana, na kila nilipolielekeza, ule mti mkubwa ulikuwa mbele. Mtasema ningerudi nyuma. Nyuma ya nyumba ile ardhi inashuka kwa kasi, ni ngoro tupu, yale mashimo yetu ya kilimo cha mteremko. Kila hatua unayorudi nyuma unashuka, na mti unazidi kupanda juu yako. Na hakuna Mmatengo atakayekuruhusu uchimbe nguzo katikati ya ngoro zenye mahindi machanga, hata mimi mwenyewe nisingemruhusu mtu. Uwanja wa shule ulikuwa wazi, ila waya wa kufika huko ungemaliza nguvu ya mawimbi njiani.

"Damiani," nikasema, "mti huu ukipunguzwa hata nusu, tumemaliza."

Mdogo wake, Kosmasi, ndiye aliyejibu.

"Fundi, huo hauguswi. Huo ni wa jeneza la baba."

Nikaelewa kwa nini ulikuwa umenyooka namna ile. Mzee aliupanda mwenyewe alipoondokewa na mkewe, ambaye alizikwa kwenye jeneza la mbao za kuazima. Akasema yeye hataazima. Akautunza mti ule, na watoto wote walikua wakijua kazi yake. Sasa wewe fikiri, mwenye mti yuko kitandani anapumua, halafu wanawe waushike msumeno mbele ya dirisha lake. Ni uchuro. Ni kumchuria baba yako kifo mchana kweupe, na majirani wakitazama.

Sikubishana nao. Fundi ana mipaka yake, na kwenye jambo kama lile mimi si wa nyumba. Nikaanza kukusanya spana zangu. Nilikuwa na uchungu, nasema ukweli, maana sikukuu ilikuwa imekaribia na mimi sikuwa na njia nyingine mfukoni.

Dirisha la mzee lilikuwa wazi muda wote huo.

"Kosmasi," akaita.

Tukaingia wote. Alikuwa amejiinua kidogo kwenye kiwiko, jambo ambalo hatukujua bado analiweza.

"Ukateni."

"Baba, watu watasema tunakuombea ufe."

"Watu hawaumwi. Naumwa mimi." Akapumzika, akavuta hewa. "Mti ule niliupanda unibebe. Basi uanze kazi. Unibebe kwanza mpaka kwa Otilia, halafu mtanipeleka kwa mama yenu."

Kosmasi akaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu. Mzee akamwacha alie, halafu akampa maelekezo: waukate asubuhi, usiangukie kahawa, magogo yapasuliwe mbao hapohapo, mbao zipangwe darini na vijiti katikati zikauke bila kujipinda. Alitaka kitanda kisogezwe dirishani aone. Nilikuwepo asubuhi hiyo. Mzee alitazama mpaka mti ukalala chini, akasema tu kwamba umeanguka vizuri.

Mvua haikuturuhusu kumwaga zege na kusubiri likauke, kwa hiyo bomba la kubebea dishi nililifunga juu ya kisiki chenyewe kwa boliti ndefu. Kisiki kibichi cha mgrevilea kinashika kuliko zege la haraka haraka. Nikalisimamisha bomba kwa timazi, pande zote mbili, maana bomba likiinama kidogo tu hesabu zako zote za angani ni uongo. Viungo nikavifunga utepe wa mpira, na waya nikauacha uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia dirishani, ili maji ya mvua yadondoke nje yasifuate waya hadi kwenye king'amuzi. Nikateremsha waya wa radi ardhini. Halafu nikalisukuma dishi polepole, kidogo, nasubiri, kidogo, nasubiri, Damiani yupo ndani ananisomea namba za nguvu ya mawimbi. Picha ilipokaa, sikusikia Damiani. Nilimsikia mzee.

"Acha hapo, Osmundi."

Siku ya sikukuu nyumba ilijaa. Nilikaa mlangoni, karibu na waya wangu. Misa ilianza mbingu ikiwa nyeupe, na nilijua haitadumu. Padri alipomaliza mahubiri mvua ikashuka juu ya bati, mvua ya kwetu, ile ambayo watu wakikaa pamoja hawasikilizani. Damiani akaongeza sauti mpaka mwisho, hatukusikia neno. Lakini picha haikutikisika hata mara moja. Lile dishi la usipa lilisimama pale nje linapigwa na maji na likaendelea kutuletea Morogoro.

Wakaja masista waliokuwa wanaweka nadhiri. Walikuwa kundi, wote nguo moja, shela moja, kimo karibu kimoja. Wakapiga magoti, kisha wakalala kifudifudi sakafuni, wamepangana, nyuso chini.

Mzee alikuwa ameegemezwa kwa mito. Akainua mkono wa kulia. Kosmasi akataka kumshikia kiwiko, mzee akakataa kwa kichwa.

"Yupi?" akauliza.

Tulitazama wote. Damiani alisogea hadi karibu na kioo. Kamera ilikuwa inatoka upande huu inakwenda upande ule, migongo tu na shela tupu. Hakuna aliyejua. Kaka zake wa damu hawakujua. Damiani aligeuka akamtazama baba yake.

Mzee hakuuliza tena. Mkono wake ukabaki juu. Litania ile ni ndefu, watakatifu ni wengi, na sisi hatukuisikia, tulisikia mvua tu. Kamera ikaenda kwenye kwaya, mkono ukabaki. Ikaenda kwa waumini, ukabaki. Ikarudi kwa masista, mzee akachora nao msalaba hewani, kama padri anavyofanya. Hakuushusha mpaka walipoinuka. Na walipoinuka na kugeuka, tukamwona Otilia kwa mara ya kwanza, dakika chache tu, anapokea pete. Mzee akasema, "Amefanana na mama yake." Akaomba maji.

Aliondoka kabla mahindi ya ngoro zile hayajakauka. Mbao zilikuwa tayari darini, zimenyooka zote, hakuna iliyojipinda. Hakuazima.

Sista Otilia alifika mazishini. Baada ya watu kutawanyika alinikuta nimesimama pale kwenye kisiki nakagua boliti, maana mimi nikiwa na huzuni mikono inatafuta spana. Akanisalimia kwa heshima, akashika ukingo wa dishi.

"Fundi, kaka wameniambia baba aliinua mkono."

"Aliinua, Sista. Nilikuwa mlangoni."

"Alijua mimi ni yupi?"

Ningeweza kumdanganya. Hata nyinyi mngemdanganya. Nikamwambia hapana, hakujua, hata kaka zake hawakujua, na mvua ilikuwa kubwa hatukusikia jina la mtu. Ndiyo maana mkono ule ulikaa juu muda wote, akawabariki wote mpaka wa mwisho.

Akainamia dishi. Nilidhani nimemuumiza. Shela lake lilikuwa linapepea, na harufu ya usipa bado ilikuwepo kwenye zile nyavu, maana hiyo haitoki.

"Yule tuliyelala naye ubavu kwa ubavu ni yatima," akasema. "Siku ile wazazi wetu walipoitwa mbele, yeye hakuwa na mtu upande wake, na mimi pia. Tulishikana mikono." Akalipangusa dishi kwa kiganja, polepole. "Nikirudi nitamwambia alikuwa na baba."